Kumng'oa MCA Aliyezoea Kiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na watu wanaotaka kiti cha mwakilishi wadi (MCA) katika bunge la kaunti, kwenye wadi ambayo mtu mmoja ameshika usukani tangu 2013, au hata tangu enzi za madiwani. Anayejibu amezoea kukaa upande wa wapinzani wakati wa kampeni, kwa hiyo usitarajie maneno ya mtu asiye na upande.

Ameshakaa vipindi vitatu. Sheria haimwekei kikomo?

Haimwekei. Gavana ana kikomo cha vipindi viwili, MCA hana. Wapo waliokuwa madiwani katika yale mabaraza 175 ya zamani, kaunti zilipoanza mwaka 2013 wakavuka upande wa pili bila kupumzika hata siku moja. Hilo ni halali kabisa. Ndiyo maana hoja ya "amekaa sana" haitoshi peke yake. Wapiga kura wanajua amekaa sana, maana wao ndio waliomkalisha.

MCA wengi huanguka baada ya kipindi kimoja tu. Huyu anadumu vipi?

Hili ndilo swali la kwanza la kujiuliza, na wapinzani wengi hawajiulizi. Hujisemea "ni pesa" na kufunga mjadala. Pesa zipo, lakini hata waliomshindana 2017 na 2022 walikuwa nazo.

Anza na hesabu. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura waliojiandikisha takriban milioni 22.1 katika wadi 1,450. Ukigawanya, wadi ya wastani ina watu kama 15,000. Waliojitokeza nchini walikuwa karibu asilimia 65, kwa hiyo katika wadi kama hiyo zilipigwa kura zipatazo 10,000. Sasa weka wagombea wanane kwenye karatasi. Sheria haidai nusu ya kura. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mshindi. Mtu mwenye kura 3,000 za uhakika anaweza kupita huku watu 7,000 wakiwa wamemkataa. Mheshimiwa wako huenda hajawahi kupendwa na wadi nzima. Ana fungu lake tu, nalo halitikisiki, na ninyi wengine kila mara mnagawana linalobaki.

Fungu hilo lilijengwaje? Nenda matangani ukamtazame. Anaingia wakati mhubiri anaelekea kumaliza. Hapiti moja kwa moja kwenye hema la wageni. Anaketi kwanza na wazee kwenye benchi. Akipewa nafasi anamtaja marehemu kwa jina, kisha mama wa marehemu, kisha ule mwaka waliochimba kisima pamoja. Anamkabidhi mweka hazina wa kamati bahasha mbele ya watu wote, na kabla chakula hakijapakuliwa ameshaondoka kuelekea msiba mwingine. Amefanya hivyo kwa miaka. Wewe ukitokea miezi mitatu kabla ya uchaguzi na bahasha nene zaidi, watu wataipokea na kumwambia yeye asubuhi ulitoa kiasi gani.

Basi nguzo ya kwanza ni kura zinazogawanyika, ya pili ni matanga. Nguzo ya tatu ni chama. Pale ambapo wimbi la chama ni kali, watu hupiga "suti", yaani karatasi zote sita kwa chama kimoja, na aliyeshika tiketi hubebwa na wimbi. Ya nne ni ukoo au kijiji chenye watu wengi kuliko vingine. Kabla ya kuchapisha bango lolote, jua ni nguzo ipi inayomshikilia wa kwako. Kila moja ina dawa yake.

Nianze lini, na nianzie wapi?

Leo, na uanzie kwenye Fomu 36A. Hiyo ndiyo fomu ya matokeo ya MCA katika kila kituo cha kupigia kura. Ya wadi nzima ni 36B. Mawakala wa 2022 walipewa nakala, na wengi bado wanazo chini ya godoro. Usipozipata kwao, iandikie ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, barua ukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa taasisi ya umma siku 21 za kukujibu.

Kisha chukua daftari. Kila kituo kipe mstari wake: waliojiandikisha, waliopiga kura, kura zake, kura za aliyemfuata. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo utakuwa na mistari ishirini na kitu au thelathini, kazi ya jioni moja. Ukimaliza utaona mambo ambayo hakuna mkutano wa hadhara ungekuonyesha. Kuna vituo ambako hupata kura saba kati ya kumi. Hivyo viheshimu, na usimwage pesa zako huko. Kuna vituo ambako wa pili na wa tatu wakijumlishwa wanamzidi mbali. Na kuna vituo ambako nusu ya watu hawakutoka nyumbani. Kwa maoni yangu, aina hiyo ya mwisho ndiyo akiba yako kubwa, kwa sababu mtu ambaye hakupiga kura hana deni la mheshimiwa.

Uandikishaji wa wapiga kura ulirejea Septemba 2025. Kijana aliyetimiza miaka 18 akiwa na kitambulisho mkononi ana thamani kwako kuliko mzee wa kamati anayekuahidi "kijiji kizima". Kumbuka pia wanaoishi kwenye wadi yako lakini wameandikishwa walikozaliwa. Wanaruhusiwa kuhamisha kituo kabla daftari la wapiga kura halijafungwa.

Lazima niwe na digrii?

Hapana. Sharti hilo lilikuwa limeingizwa kwenye Sheria ya Uchaguzi, lakini Oktoba 2021 Mahakama Kuu ililibatilisha kwa upande wa MCA. Unachohitaji kwanza ni kuwa mpiga kura aliyeandikishwa, na ama uteuliwe na chama au uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo ukiwa mgombea huru. Sheria humzuia, miongoni mwa wengine, aliyefilisika na hajaondolewa hukumu hiyo, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na aliyepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya serikali. Naweza kugombea huku nikifundisha?

Sheria inamtaka afisa wa umma ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 siku ya mwisho ilikuwa 9 Februari. Kwa 2027, hesabu mapema Februari vilevile. Mheshimiwa mwenyewe haguswi na kifungu hicho: anaendelea kupokea mshahara hadi mwisho huku wewe ukiishi kwa akiba. Ni uonevu ulioandikwa kwa wino, lakini ndivyo ulivyo, na kuna kesi kadhaa zimekwenda mahakamani juu yake. Usijiuzulu kabla hujamaliza kazi ya lile daftari. Nambari zikikwambia haiwezekani, bora uzisikie ukiwa bado una kazi.

Nitafute tiketi ya chama au niwe mgombea huru?

Inategemea unaishi wapi. Mahali ambapo mchujo wa chama ndio uchaguzi wenyewe, kama sehemu nyingi za Siaya na Homa Bay kwa ODM, au Bonde la Ufa kwa UDA mwaka 2022, kukwepa chama ni kupanda mlima kwa mgongo. Hata hivyo, kiti cha MCA ndicho ambacho wapiga kura hukubali zaidi kuvunja suti, kwa kuwa mgombea ni mtu wanayemjua kwao. Katika kila uchaguzi kuna wadi za ngome zinazochukuliwa na wagombea huru.

Tatizo la mchujo ni kwamba mheshimiwa ana marafiki kwenye ofisi ya chama ya kaunti. Ndio wanaopanga kama tiketi itapigiwa kura, itaamuliwa kwa kura ya maoni ambayo hakuna aliyeiona, au itatolewa moja kwa moja. Ukionewa, lalamika kwanza ndani ya chama, kisha nenda kwenye jopo la mizozo ya vyama, PPDT. Peleka ushahidi. Hasira haitakusaidia huko.

Na ujue tarehe. Katiba inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa 2027 maana yake ni mapema Mei. Ukisubiri mchujo uliocheleweshwa, unaweza kujikuta huna tiketi na pia huwezi kuwa huru. Wakongwe wanaujua mtego huo vizuri. Mwingine huvuta mazungumzo ya "tutakupa kitu, tulia" hadi tarehe ipite.

Jambo jingine dogo linalowaangusha watu: wanaotia sahihi kumuunga mkono mgombea huru nao hawapaswi kuwa wanachama wa chama. Watu wengi wameandikishwa kwenye vyama bila habari zao. Wasaidie wahakikishe kwa Msajili wa Vyama mapema na wajiondoe, na ukusanye zaidi ya 500 ili wakikatwa baadhi ubaki salama.

Itanigharimu kiasi gani?

Ada ya IEBC ni ndogo: 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ada ya chama ni juu ya chama. Gharama yenyewe iko kwenye mafuta, simu, chakula cha mawakala na michango isiyokwisha. Kikomo cha matumizi ya kampeni hakijawahi kutekelezwa. Sheria ipo tangu 2013, lakini kanuni zake zilikwama mara zote mbili, 2017 na 2022. Usitegemee mwamuzi yeyote kumpunguzia kasi mwenye nazo.

Ushauri wangu, ambao si wote wanaoukubali: acha mabango makubwa. Weka pesa kwenye mawakala, na kwenye nauli ya kukufikisha vituo vile ambako watu hawakujitokeza.

Watu wakiniomba pesa nifanye nini?

Watakuomba, na hawatakuwa na aibu. Mheshimiwa mwenyewe amewazoesha. Kuhonga mpiga kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 2 au kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Kununua au kukodi vitambulisho vya watu ili wasipige kura ni uchafu wa aina hiyo hiyo. Ukiuona unatendeka, andika mahali, saa na nani alikuwepo, ukaripoti.

Jibu ambalo nimeona likifanya kazi ni kusema ukweli mapema na mbele ya kikundi kizima, si pembeni na mtu mmoja mmoja: "Mimi sina. Na mwenye nazo akiwapa, kuleni, kura mnipe mimi." Watacheka. Baadhi watakumbuka. Ukishaanza kutoa mia mbili mbili, umeingia kwenye mchezo ambao mwenzako ameucheza miaka kumi na mitano.

Nitajuaje amefanya nini bungeni?

Kazi ya MCA kisheria ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumsimamia gavana na mawaziri wake. Vikao vya bunge la kaunti viko wazi kwa umma, na kumbukumbu zake rasmi, hansadi, hutolewa. Tafuta jina lake. Amewasilisha hoja ngapi? Amewahi kuuliza swali lolote kuhusu zahanati ya kwenu? MCA akikosa vikao vinane bila idhini ya maandishi ya spika na bila sababu ya kuridhisha, anaweza kupoteza kiti, kwa hiyo mahudhurio nayo huandikwa.

Kisha fungua ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Linganisha na mnachokiona kwa macho: barabara iliyowekwa kwenye mpango wa mwaka 2021, ikawekwa tena 2023, na bado mvua ikinyesha bodaboda hazipiti. Jambo moja la namna hiyo, likiwa na nakala ya ukurasa wa bajeti mkononi, lina uzito kuliko hotuba ya saa nzima. Lipeleke kwa wanaoitumia barabara hiyo. Usianze na fesibuku.

Basari je? Anasema bila yeye watoto hawasomi.

Hapo ndipo penye deni lake kubwa zaidi, kwa hiyo penda au usipende utalazimika kupajibu. Pesa za basari ni za kaunti, na mara nyingi ni yeye anayekaa karibu na orodha. Ofisi ya wadi na wafanyakazi wake pia hulipwa kwa pesa za umma, ingawa ukifika hapo utadhani ni ofisi ya kampeni.

Mwezi wa Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti kuhusu basari hizo, kwa hoja kwamba shule za upili na vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa, na kaunti zinahitaji makubaliano rasmi kabla ya kulipia. Jukumu la kaunti kikatiba ni elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini usithubutu kusimama mbele ya mzazi na kumwambia basari si halali. Ahidi kitu kimoja unachoweza kukitimiza: orodha ya waliopata itabandikwa hadharani, jina, shule na kiasi. Wanaonyimwa kimyakimya ni wengi kuliko wanaopata, nao wataelewa mara moja.

Nimshambulie kwa jina?

Taratibu. Aliyempigia kura mara tatu akisikia unamwita mwizi, anasikia unamwita yeye mpumbavu. Ukiwa kwenye mkutano wa wazee, anza kwa kumshukuru mheshimiwa kwa kile alichofanya kweli, hata kama ni choo cha soko pekee, halafu sema kilichobaki. Watu hupenda kumstaafisha mzee kwa heshima. Kumfukuza huwapa shida.

Tuko wapinzani sita. Tuungane vipi?

Hapa ndipo wengi wanapolala. Kila mmoja anakubali kwamba lazima abaki mmoja, na kila mmoja anajua ni nani. Mazungumzo ya kuachiana huvunjika kwa sababu huanza na "nani" badala ya "kwa kigezo gani".

Kubalianeni kigezo kwanza, mwaka mzima kabla: mathalani, kila mtu alete majina na namba za simu za mawakala wake kwa kila kituo, na anayekosa watu katika nusu ya vituo ajiondoe. Mwenye orodha ya kweli atajulikana jioni hiyo hiyo. Na uwe macho: katika kundi la sita, huenda kuna mmoja ambaye mafuta yake yananunuliwa na mheshimiwa. Kazi yake ni kubaki kwenye karatasi ya kura, akusanye kura 600 za kijiji chenu.

Mimi ni mwanamke. Wananiambia nisubiri kuteuliwa.

Viti vya uteuzi vipo ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, lakini orodha huandikwa na chama, na mteule hana wadi. Wanawake waliochaguliwa moja kwa moja kuwa MCA walikuwa 82 mwaka 2013, 96 mwaka 2017 na 115 mwaka 2022, kati ya 1,450. Idadi ni ndogo, ila imepanda kila mara. Anayekwambia usubiri, mwulize yeye anagombea nini.

Hatuwezi kumwondoa kabla ya 2027?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja kumwondoa MCA katikati ya kipindi, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu muhimu vya utaratibu huo, na ingawa sheria ilirekebishwa baadaye, usiutegemee. Tumia nguvu zako kwenye lile daftari la vituo.

Siku yenyewe nifanye nini?

Hakikisha kila kituo kina wakala wako, tangu kufunguliwa hadi kura ya mwisho kuhesabiwa. Hesabu ya MCA huweza kuchelewa, maana kuna masanduku sita na la urais hutangulia. Saa saba usiku, darasani, karani anaonyesha karatasi moja moja kwenye mwanga wa taa. Wakala aliyeshinda njaa tangu alfajiri ndiye anayesinzia, na hapo ndipo kura yenye alama inayoyumba huenda upande usio wake. Mpelekee chai na chapati saa mbili usiku. Mpe pia kalamu na daftari lake.

Matokeo yakiandikwa kwenye Fomu 36A, wakala asome kabla ya kutia sahihi, achukue nakala, na apige picha ya ile iliyobandikwa mlangoni. Asiposaini, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo pekee, kwa hiyo kususa sahihi si silaha. Kama ana pingamizi, aandike sababu.

Nimeshindwa kwa kura 41. Niende kortini?

Una siku 28. Kesi ya MCA husikizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, na uamuzi unapaswa kutoka ndani ya miezi sita. Rufaa ni Mahakama Kuu, kwa masuala ya kisheria tu. Kama huna nakala za 36A kutoka kila kituo, wakili mwaminifu atakwambia urudi nyumbani.

Na Tanzania ni hivyo hivyo?

Diwani wa kata hana kikomo cha vipindi pia, lakini hakuna mgombea binafsi: lazima upitie chama. Mengi ya hapa juu hayatakufaa.

Nikishinda, kitu cha kwanza ni nini?

Kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa bungeni kufikia 1 Septemba, wiki tatu tu baada ya uchaguzi, na mpango wa kaunti wa miaka mitano, CIDP, wa 2023 hadi 2027 utakuwa unaisha. Ule wa 2028 hadi 2032 utaandikwa hapo hapo, wakati wenzako wapya wangali wanatafuta ofisi zao ziko wapi. Nenda na ile barabara ikiwa imeandikwa tayari, yenye urefu wake na vijiji inavyopita.